Njia Tatu za Kutatua Mlinganyo: Jedwali, Grafu na Aljebra

Mlinganyo wa kipeo cha pili hufundishwa katika shule za sekondari kwa njia tatu: kwa jedwali, kwa grafu na kwa aljebra. Mara nyingi mwanafunzi akishaihifadhi kanuni ya aljebra huziona njia mbili nyingine kuwa ni kazi ya kupoteza wakati, ifanywayo tu pale mtihani unapoidai. Maoni hayo si sahihi. Kila njia hujibu swali lake, na yako maswali ambayo kanuni haiwezi kuyajibu.

Mfano ufuatao unalidhihirisha jambo hilo. Mkulima ana seng'enge yenye urefu wa meta 60, naye ataka kuizungushia bustani yenye umbo la mstatili kando ya mto. Upande wa mto hauhitaji seng'enge. Ikiwa kila upande utokao mtoni una urefu wa meta x, upande uliobaki utakuwa na meta 60 − 2x. Kwa hiyo eneo la bustani, katika meta za mraba, ni x(60 − 2x). Mkulima ataka kujua x iwe ngapi ili apate meta za mraba 400. Tena ataka kujua kama seng'enge hiyohiyo yaweza kumpatia meta za mraba 500. Akinunua miche ya kutosha eneo la 500 na kumbe eneo hilo halipatikani, hasara itakuwa yake.

Njia ya kwanza ni jedwali. Huchaguliwa thamani kadhaa za x, na kwa kila moja eneo hukokotolewa:

x: 5, 10, 12, 15, 18, 20, 25
Eneo: 250, 400, 432, 450, 432, 400, 250

Jedwali laonyesha mara moja kwamba eneo la 400 lapatikana kwa namna mbili: x ikiwa 10 au ikiwa 20. Bustani ya kwanza ina meta 10 kwa 40, na ya pili ni mraba wa meta 20 kwa 20. Zote mbili ni sahihi, na mkulima atachagua kwa kuangalia hali ya ardhi yake.

Njia ya pili ni grafu. Thamani za x zikiwekwa kwenye mhimili wa mlalo, na maeneo kwenye mhimili wa wima, nukta hizo huunganika kuwa mkunjo uitwao parabola. Mkunjo huo hupanda hadi kilele, kisha hushuka kwa namna ileile uliyopandia. Mstari wa mlalo uliochorwa kwenye 400 huukata mkunjo mahali pawili. Uliochorwa kwenye 450 huugusa kileleni tu, pale x ilipo 15. Uliochorwa kwenye 500 hupita juu bila kuugusa. Basi mkulima amekwisha jibiwa: meta za mraba 500 hazipatikani kwa seng'enge hiyo, hata akiipinda vipi pembe zake za mstatili.

Njia ya tatu ni aljebra. Mlinganyo x(60 − 2x) = 400 ukipangwa upya huwa x² + 200 = 30x. Milinganyo ya namna hii ilielezwa katika karne ya 9 na Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mtaalamu wa Baghdad, katika kitabu ambacho jina lake ndilo lililotupa neno "aljebra". Yeye hakutumia herufi wala alama. Alieleza yote kwa maneno na kuyathibitisha kwa michoro ya miraba. Kwa maandishi ya leo, njia yake ni kuukamilisha mraba: x² − 30x = −200; pande zote mbili zikiongezwa 225, hupatikana (x − 15)² = 25. Kwa hiyo x − 15 ni 5 au −5, na x ni 20 au 10. Kwa eneo la 500 hupatikana (x − 15)² = −25, jambo lisilowezekana kwa namba halisi. Al-Khwarizmi mwenyewe alitambua kwamba mlinganyo wa namna hii waweza kuwa na majibu mawili, au moja, au usiwe nalo kabisa.

Aljebra ina ubora wake. Kwa eneo la 420, jedwali laonyesha tu kwamba jibu moja limo kati ya 11.1 na 11.2, ambapo maeneo ni 419.58 na 421.12. Aljebra hulitaja kwa ukamilifu: 15 kutoa kipeuo cha pili cha 15, yaani karibu 11.127.

Lakini aljebra nayo ina mpaka. Kanuni za milinganyo ya kipeo cha tatu na cha nne zilichapishwa na Girolamo Cardano wa Italia mwaka 1545. Kwa kipeo cha tano wataalamu waliendelea kutafuta, hata mwaka 1824 Niels Henrik Abel wa Norway alipothibitisha kwamba hakuna kanuni ya jumla iundwayo kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta vipeuo peke yake. Mlinganyo x⁵ − x − 1 = 0 ni mmojawapo wa ile isiyotatulika kwa njia hiyo. Hata hivyo jedwali halishindwi. Kwa x = 1.1, upande wa kushoto ni karibu −0.489; kwa x = 1.2, ni karibu 0.288. Kwa kuwa alama imegeuka, jibu limo katikati. Kwa x = 1.16 hupatikana karibu −0.060, na kwa x = 1.17 karibu 0.022. Hivyo jibu limezingirwa, na laweza kubanwa zaidi kadiri itakavyohitajika. Kompyuta nayo, ipewapo milinganyo ya aina hii, hufuata hatua za jinsi hiyo, ila kwa kasi kubwa.

Kwa sababu hiyo yafaa mwalimu awape wanafunzi tatizo moja walitatue kwa njia zote tatu, kisha wayalinganishe majibu. Grafu itawaonyesha majibu ni mangapi na yako wapi. Jedwali litawasogeza karibu nayo. Na aljebra, pale inapowezekana, itawapa jibu kamili pamoja na sababu yake.