Kompyuta ya Migori ilikataa, ya Homa Bay ikanyamaza

Mama mmoja muuza omena kule Mbita, Homa Bay, alinisimamisha mlangoni mwa chama chao cha akiba. "Kijana, nimeweka mia tano asubuhi. Mbona mashine yako inasema sijaweka?" Risiti alikuwa nayo mkononi. Programu niliiandika mwenyewe nyumbani Mombasa na kuipima mara nyingi.

Wiki hiyohiyo chama kingine cha Sori, kaunti ya Migori, kilinipigia simu: programu ileile inakwama kila karani akihifadhi. Nikawajibu kwamba hiyo ni shida ya Windows. Mbita walitumia Linux, kama mimi, kwa hivyo sikuwa na wasiwasi nao. Nilikosea.

Kwa kawaida programu huomba kipande cha faili na kupewa nakala yake. Lakini pia inaweza kuuomba mfumo wa kompyuta uionyeshe faili kana kwamba ni sehemu ya memori. Mfumo huleta kutoka kwenye diski zile kurasa zinazoguswa tu. Njia hii ni ya haraka, ndiyo maana niliichagua.

Shida huja unapobadilisha faili huku mwingine ameishika. Kwangu, karani akihifadhi, programu huandika faili mpya kando, kisha huipa jina la ile ya zamani. Linux hukubali bila neno. Jina huhamia kwa faili mpya, lakini skrini ya wanachama ilishaishika ya zamani, nayo haifutiki mpaka iachiliwe. Ni kama muuza duka aliyeweka daftari jipya kaunta huku mkewe akisoma lile kuukuu chumbani. Mia tano ya mama ilikuwa kwenye daftari jipya.

Windows, kwa kawaida, hukataa kubadilisha faili iliyoshikwa hivyo. Kwa hivyo kule Sori kosa langu lilipigiwa kelele, na Mbita lilifichwa. Mimi nikalaumu aliyepiga kelele!

Vipimo vyangu vilikuwa vikiandika, vinafunga, ndipo vinasoma, tena kwenye laptopu moja. Sasa kila kipimo hupita kwenye mifumo yote miwili, msomaji akiwa ameishika faili wakati karani anahifadhi. (Jingine lililonisumbua: Windows hutaka kipande cha faili kianzie kwenye kizidishi cha baiti 65,536, ilhali Linux kwenye kompyuta nyingi hutosheka na 4,096.) Na programu yenyewe nimeirekebisha: karani hutoa ishara kwanza, skrini inaachilia faili, jina linabadilishwa, kisha skrini inafungua upya.

Mama nilimwonyesha salio lake siku hiyohiyo, baada ya kuzima skrini na kuiwasha tena. Alihesabu, akakunja risiti, lakini hakuitupa.