Vipandio Vitatu vya Mlangoni

Yako mambo ambayo macho yetu huyatazama kila siku, lakini akili yetu haiyatambui. Mojawapo ni vipandio vya mlangoni. Mwenye miguu mizima huvipanda akiongea na mwenzake, wala hakumbuki kwamba amepanda kitu.

Katika shule moja tuliyofundisha zamani, mlango wa darasa ulikuwa na vipandio vitatu. Wakati huo tulikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye polio ilikuwa imemlegeza miguu yote miwili. Alikuja shuleni kwa kigari cha magurudumu matatu, akikiendesha kwa mikono yake. Njia yote kutoka kwao, yenye mchanga na mashimo, aliiweza peke yake. Lakini mbele ya vile vipandio vitatu nguvu zake zilikoma. Kila asubuhi kaka yake alimbeba mgongoni na kumwingiza. Siku moja kaka yake aliugua malaria, nasi tulichelewa kidogo. Tulipofika tulimkuta mtoto amekaa chini ya dirisha, kibao chake mapajani, akingoja kusikiliza hesabu kutoka nje. Tulimhurumia sana. Lakini huruma yetu ilikuwa na kasoro: tuliilaumu miguu yake, hatukuvilaumu vipandio.

Mtu mmoja wa Marekani aliyajua maumivu hayo katika mwili wake. Ronald Mace, aliyezaliwa mwaka 1941, alishikwa na polio akiwa na umri wa miaka 9, na baadaye akatumia kiti cha magurudumu. Alipokwenda kusomea uchoraji wa majengo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, ilibidi abebwe kupanda na kushuka ngazi ili afike darasani. Hata hivyo hakukata tamaa, akamaliza masomo yake mwaka 1966. Tangu hapo alitumia maisha yake kufundisha neno moja: tusiwajengee wenye nguvu kwanza, halafu tuwatafutie wengine kiraka, bali tangu mstari wa kwanza wa mchoro tuwafikirie watu wote.

Mwaka 1989 alianzisha kituo cha kazi hiyo katika chuo kile kile. Mwaka 1997, yeye na wenzake walitoa kanuni saba, naye akafariki mwaka uliofuata. Kanuni hizo kwa maneno yetu ni hizi: kitu kifae kwa watu wote bila kumtenga yeyote, kiweze kutumiwa kwa namna zaidi ya moja, kieleweke upesi, kitoe habari zake kwa macho, kwa masikio au kwa kuguswa, mtu akikosea asidhurike, kisidai nguvu nyingi, tena kiwe na nafasi ya kutosha kukifikia na kukitumia.

Labda msomaji atauliza: je, tubadili jengo zima kwa ajili ya mtu mmoja? Wahenga walikwisha kujibu: hujafa, hujaumbika. Leo tunakimbia, kesho twaweza kuvunjika mguu, na kesho kutwa uzee utatupa mkongojo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani mmoja kati ya kila sita, wana ulemavu mkubwa. Na hao si wote wanaonufaika. Mama mwenye mimba, mzee wa magoti mabovu, kijana anayesukuma baisikeli yenye gunia la mihogo, wote huichagua njia isiyo na vipandio.

Wala tusifikiri kwamba kazi hii ni ya matajiri tu. Huko Japani, Seiichi Miyake alibuni mwaka 1965 vigae vya barabarani vyenye alama za kuguswa kwa mguu au kwa fimbo. Vilitandazwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 katika mji wa Okayama, karibu na shule ya vipofu. Mistari mirefu humwambia asiyeona: endelea, vidoto humwambia: simama, angalia. Ni simenti tu iliyofinyangwa kwa akili, na leo vigae hivyo vimeenea katika nchi nyingi.

Turudi shuleni kwetu. Baba wawili, mafundi waashi, walijitolea kuweka njia ya mwinamo mlangoni. Mara ya kwanza waliifanya fupi ili kuokoa simenti. Mtoto alijaribu kupanda, kigari kikarudi nyuma kwa kasi, nusura kimwangushe. Hapo tulijifunza kwamba wema pasipo kipimo waweza kuumiza. Kipimo kinachotumiwa na wajenzi wengi ni hiki: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, njia iwe na urefu wa sentimita 12. Vipandio vyetu vilikuwa vya sentimita 15 kila kimoja, jumla 45. Basi njia ilihitaji mita 5 na sentimita 40. Mafundi wakaanza upya.

Enyi mnaojenga, yashikeni haya mapema. Mlango ukifunguliwa uache nafasi isiyopungua sentimita 80. Kitasa kiwe cha kushusha kwa kiganja, si cha duara kinachodai vidole vyenye nguvu. Chooni pawe na mti imara wa kushikia. Nanyi walimu, msiseme huku mmeupa darasa mgongo, kwa maana yuko mtoto anayesikia kwa kutazama midomo yenu. Mambo hayo yakifanywa mwanzoni gharama yake ni ndogo; kubomoa na kujenga tena ndiko kunakomaliza fedha.

Nchi yetu ya Kongo ilijiunga mwaka 2015 na Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, na mwaka 2022 ikatoa sheria yake yenyewe ya kuwalinda. Ni jambo jema. Lakini sheria haichanganyi simenti. Mikono yetu ndiyo inayochanganya.

Jumatatu iliyofuata baada ya njia ile kukauka, tulifika mapema kufungua darasa. Mlinzi mzee alikwisha kulifungua, naye akatuambia kwamba yeye pia sasa hupita pale kwa sababu ya magoti yake. Ndani, kwenye dawati la mbele, mtoto yule alikuwa ameketi akitungoja. Hakuna aliyembeba.

Basi, ndugu msomaji, leo ukifika nyumbani, simama kidogo mbele ya mlango wako. Hesabu vipandio vyake, ukajiulize ni nani anayebaki nje.