Programu huria: utajuaje kama toleo unalopakua ni la kuaminika?

Mwananchi akifika katika kituo cha afya cha umma na kuandikishwa kwenye kompyuta badala ya kitabu, huenda maelezo yake yanahifadhiwa katika programu huria. KenyaEMR, mfumo unaotumiwa katika vituo vingi nchini, hasa katika huduma za VVU, umejengwa juu ya OpenMRS, programu iliyoanza kutumika Eldoret mwaka wa 2006. Takwimu za vituo vya afya nazo hupelekwa kupitia DHIS2, programu huria iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na ambayo Kenya imeitumia kitaifa tangu 2011.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na watayarishaji, uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kuwagawia wengine bila kulipia leseni. Ndiyo maana shule, hospitali, biashara ndogo na ofisi za umma huzitumia.

Hapo ndipo swali la wananchi wengi linapoanzia. Ikiwa kila mtu anaweza kuona msimbo huo na kuugusa, siri zangu ziko salama kweli? Jibu fupi ni kwamba uwazi husaidia, lakini peke yake hautoshi. Imani hujengwa katika hatua ya kutoa toleo jipya, na hatua hiyo ina taratibu zake.

Msimbo si sawa na faili unayopakua

Mkulima anaelewa jambo hili vizuri. Aina ya mbegu ya mahindi inaweza kuwa nzuri na imeidhinishwa, lakini pakiti inayouzwa dukani ikawa bandia. Kwa sababu hiyo, pakiti za mbegu zilizoidhinishwa hubandikwa stika ya KEPHIS. Mkulima huikwaruza, akatuma namba iliyo ndani kwa 1393, akathibitisha kabla ya kupanda.

Programu nayo ina safari kama hiyo. Watayarishaji huandika msimbo, kisha msimbo hugeuzwa kuwa faili ambayo kompyuta inaweza kuiendesha, kisha faili huwekwa kwenye tovuti, ndipo wewe unapoipakua. Katika kila kituo cha safari hiyo, mwenye nia mbaya anaweza kuingiza mkono. Msimbo ulio safi kabisa hauna faida kwako ikiwa pakiti iliyokufikia imebadilishwa njiani.

Funzo la Linux Mint, 2016

Tarehe 20 Februari 2016, wadukuzi waliingia katika tovuti ya Linux Mint, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta unaotumiwa na watu wengi duniani. Hawakugusa msimbo wenyewe. Walibadilisha kiungo cha kupakua toleo la 17.3 Cinnamon, hivi kwamba aliyekibofya siku hiyo alipata faili iliyopachikwa mlango wa siri. Waliokuwa na mradi walitangaza tukio hilo hadharani mara moja, wakaifunga tovuti kwa muda na kueleza jinsi ya kutambua faili mbovu.

Njia waliyoelekeza ni namba ya uhakiki. Kila faili inaweza kupigiwa hesabu inayotoa mfululizo wa herufi na tarakimu, mfano wa alama ya kidole. Hesabu inayotumiwa sana leo, SHA-256, hutoa mfululizo wa vibambo 64. Ukibadilisha hata herufi moja ndani ya faili, mfululizo mzima hubadilika. Mradi unaojali watumiaji wake hutangaza namba hiyo pamoja na kila toleo, nawe unaweza kuilinganisha na ya faili uliyopakua.

Namba hiyo ina udhaifu wake. Mdukuzi aliyeteka tovuti anaweza kubadilisha faili pamoja na namba iliyoandikwa kando yake. Kwa hiyo miradi makini huongeza sahihi ya kidijitali. Sahihi hii hutengenezwa kwa ufunguo wa siri anaoushikilia mtoaji wa toleo, mbali na tovuti. Mtu mwingine hawezi kuighushi bila ufunguo huo, hata akiteka tovuti nzima.

Funzo la xz, 2024

Je, ikiwa mwenye ufunguo ndiye mhalifu? Hilo lilitokea mwaka wa 2024. Programu ndogo iitwayo xz, inayobana faili ili zichukue nafasi ndogo, imo katika mifumo mingi ya Linux inayoendesha seva duniani. Kwa miaka mingi ilitunzwa zaidi na mtu mmoja aliyejitolea. Mtu aliyejiita Jia Tan alianza kuchangia kazi mwaka wa 2021, akaaminika, na hatimaye akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalitoka yakiwa na mlango wa siri.

Tarehe 29 Machi 2024, mhandisi Andres Freund aliitangazia dunia hatari hiyo. Alikuwa ameona kwamba kuingia kwenye kompyuta fulani kulichelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia sababu mpaka akaipata. Wakati huo matoleo hayo yalikuwa yamefika hasa katika mifumo ya majaribio, na yakaondolewa kabla ya kusambaa zaidi.

Jambo la kuzingatia ni hili: kipande kilichoamsha mlango huo hakikuwepo katika hifadhi ya msimbo inayosomwa na umma. Kilikuwa ndani ya kifurushi cha toleo tu. Sahihi ilikuwa halali, maana ilitoka kwa mtu aliyepewa mamlaka. Sahihi hukuambia nani ametoa kitu, lakini haikuambii nia yake.

Kwa hiyo miradi mingi inaweka ulinzi zaidi. Mabadiliko hukaguliwa na mtu wa pili kabla ya kupokelewa. Pia upo utaratibu ambapo watu tofauti, kila mmoja kwa kompyuta yake, huujenga msimbo uleule na kuona kama wanapata faili ileile. Mradi wa Debian umekuwa ukifanya kazi hiyo tangu 2013. Faili zikitofautiana, swali huulizwa mapema. Usione vyaelea, vimeundwa. Na vilivyoundwa vinahitaji wakaguzi.

Dalili za mradi unaostahili imani

Kabla ya kusakinisha programu huria nyumbani, shuleni au katika biashara yako, angalia mambo haya:

1. Ina tovuti rasmi inayojulikana, na unapakua kutoka hapo au katika duka la programu la mfumo wako. Epuka faili zinazozungushwa kwa WhatsApp au kwenye flashi ya saiba.

2. Kila toleo lina namba ya uhakiki na sahihi. Katika Windows, fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili na neno SHA256. Katika Linux, andika sha256sum na jina la faili. Linganisha matokeo na namba iliyotangazwa. Zikitofautiana, futa faili hiyo.

3. Kila toleo lina maelezo ya kilichobadilika na kasoro zilizorekebishwa. Mradi unaotangaza kasoro zake ni salama kuliko unaojifanya hauna kasoro.

4. Inatunzwa na watu kadhaa, na masasisho ya usalama hutoka bila kuchelewa.

5. Muda wa kuhudumiwa kwa toleo umetajwa. Toleo lisilopokea masasisho tena linapaswa kuachwa, hata kama bado linafanya kazi.

Mkazi anaweza kuuliza nini?

Mifumo ya umma hushika habari nyeti: ugonjwa unaotibiwa, ada unazolipa, shamba unalomiliki. Ukihudhuria kikao cha ushirikishaji wa umma kuhusu mfumo mpya wa kompyuta, una haki ya kuuliza maswali ya maana. Ni toleo gani litatumika? Nani atalisasisha, na baada ya muda gani? Faili zilihakikiwa kabla ya kusakinishwa? Nakala za data zinahifadhiwa wapi, na nani anaweza kuzifungua?

Sheria iko upande wako. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ofisi ya umma inapaswa kujibu ombi lako ndani ya siku 21. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taasisi inayoamua jinsi data yako inavyotumiwa inapaswa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua kwamba data imeingiliwa kwa namna inayoweza kukudhuru. Ukiamini kwamba data yako imetumiwa vibaya, unaweza kupeleka malalamiko kwa ofisi ya Kamishna huyo.

Programu huria inampa mwananchi nafasi ambayo programu iliyofungwa haimpi: mtu asiye na uhusiano na muuzaji anaweza kuikagua. Nafasi hiyo ina faida pale tu inapotumiwa. Kijana wa wadi yako aliyesomea kompyuta anaweza kuhakiki faili kwa dakika chache. Mwalimu anaweza kuwafundisha wanafunzi kulinganisha namba ya uhakiki katika kipindi kimoja. Nawe, kabla ya kubofya kitufe cha kupakua, soma anwani ya tovuti mara ya pili.