Istilahi za Mavazi ya Jiujitsu ya Kibrazili

Mfasiri mmoja alituletea, ili tuuhakiki, mwongozo mfupi wa kuwasaidia wanafunzi wapya wa jiujitsu ya Kibrazili kuchagua mavazi ya mazoezi. Kiswahili chake kilikuwa fasaha, lakini kila palipotajwa vazi lenyewe aliandika "suti ya karate". Kosa hilo si dogo. Suti ya karate hushonwa kwa kitambaa chepesi kwa kuwa mchezo ule ni wa ngumi na mateke; katika jiujitsu mpinzani huishika nguo, akaivuta kwa uzito wake wote. Mwanafunzi angenunua kama alivyoelekezwa, na pengine koti lingemchanikia mabegani kabla mwezi haujaisha.

Mchezo huu ulitokana na judo, ambayo Jigoro Kano aliiasisi Tokyo mwaka 1882. Mitsuyo Maeda, aliyefunzwa katika shule hiyo, alifika Brazili mwaka 1914, na huko familia ya Gracie ikaukuza mchezo hasa katika mapambano ya chini sakafuni. Vazi nalo ni lile la judo. Jina lake la Kijapani huishia na "gi", yaani nguo, na wachezaji wengi duniani husema "gi" tu. Tulilipima neno hili tukaona lina kasoro: ni silabi moja, halina mahali pa kuwekea mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho, na hupotea kabla sikio halijalipata. Wabrazili wenyewe husema "kimono". Neno hili huingia katika ngeli ya ki-vi bila kusukumwa: kimono hiki, vimono hivi. Mjapani huenda akalalamika, maana kwao kimono ni joho refu. Lakini kanuni tunazozifasiri ni za Wabrazili, nasi tumelipokea.

Sehemu za kimono ndizo zilizotushughulisha zaidi. Koti, suruali na mkanda hazina shida. "Mkanda mweusi" umekwisha kuzoeleka vinywani. Ama "mkono", hilo ni neno la hatari. Mwalimu akisema "shika mkono", mwanafunzi ashike kiungo au nguo? Kanuni za mashindano hukataza kutia vidole ndani ya mkono wa koti la mpinzani, kwani vidole huweza kunasa na kuvunjika. Likiandikwa "ndani ya mkono" tu, katazo hilo halieleweki. Tunapendekeza iandikwe daima "mkono wa koti" na "mguu wa suruali", hata sentensi ikirefuka.

"Ukosi" nao hapa si ule wa shati. Ni utepe mnene unaozunguka shingo na kushuka pande zote mbili hadi kwenye pindo, nao ndio hutumika kumkaba mpinzani. Mfasiri wetu aliuita "kola" juu na "pindo" chini; sisi tumeona kitu kimoja kistahili jina moja: ukosi wa juu, ukosi wa chini.

Kwa habari ya kitambaa, muuzaji hutaja uzito wa mita moja ya mraba. Gramu 350 hadi 450 ni kimono chepesi, kinachofaa mahali penye joto. Gramu 550 ni kizito, hudumu lakini huchelewa kukauka. Hutaja pia mfumo, yaani namna nyuzi zilivyofumwa. Yapendeza kuona neno hili, ambalo ofisini tumelizoea kwa mambo ya utawala, likirudi kwa mfumaji.

Shirikisho la Kimataifa la Jiujitsu ya Kibrazili hukubali rangi nyeupe, buluu au nyeusi, koti na suruali zikiwa za rangi moja. Mchezaji akinyoosha mkono mbele, mkono wa koti usiwe mbali na kiwiko cha kiganja kwa zaidi ya sentimita 5. Kwa hiyo mnunuzi ajue kwamba pamba hurudi. Mfasiri aliandika "hupungua ukubwa baada ya kufuliwa", hali kila fundi cherehani husema nguo "imerudi". Kimono kinachotosha barabara dukani, kikifuliwa kwa maji ya moto, chaweza kumzuia mwenyewe kushindana.

Kwa mazoezi yasiyo ya kimono, "kaptura" latosha, mradi ielezwe kuwa isiwe na mifuko, vifungo wala zipu, kwa sababu ile ile ya vidole. "Kinga ya meno" haina mjadala. Lililobaki ni ile fulana inayoshika mwili na kuukinga na michubuko, ambayo katika mashindano hupaswa kuwa na angalau asilimia 10 ya rangi ya mkanda wa mchezaji. Tumeandika "fulana ya kubana", lakini hatujaridhika, maana fulana yoyote iliyo ndogo hubana. Wasomaji wenye neno bora watuletee kabla orodha haijapelekwa kwenye kamati.