Povu la Kifafa Haliambukizi

Kila mtu anapoanguka kifafa sokoni, iwe Gakoromone mjini Meru au kwingineko, huulizwa swali lile lile, yaani kama povu linalomtoka mdomoni laweza kumwambukiza anayemgusa. Jibu ni hapana, na limekuwa hapana tangu swali hilo lianze kuulizwa. Povu hilo ni mate ya kawaida ambayo mgonjwa aliyepoteza fahamu hawezi kuyameza, na ambayo pumzi inayosukumwa kwa nguvu katikati ya meno yaliyokazana huyatia hewa, nayo yakiwa mekundu ni kwa kuwa ulimi umeumwa. Kifafa chenyewe kimo ubongoni, ambamo chembe za neva, zinazopashana habari kwa umeme mdogo mno, hufyatuka nyingi kwa pamoja bila mpangilio, na hitilafu hiyo haipiti katika mate kama vile mfupa uliovunjika usivyopita katika jasho. Ni uchungu kwamba kwa hofu hii tupu mtu aliyeangukia mafiga huachwa akaungua mbele ya watu wazima wenye mikono mizima.

Kinachoambukiza ni baadhi ya vyanzo vyake, hasa tegu wa nguruwe, mnyoo ambaye mayai yake hutoka katika kinyesi cha mtu aliye naye tumboni, yakafikia mikono au mboga zisizooshwa, na yakimezwa, lava wake huweza kujenga vifuko ubongoni; lakini hata hapo njia ni kinyesi, wala si povu. Vyanzo vingine, kama vile mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa au pigo la kichwa katika ajali ya bodaboda, havimwambukizi mtu yeyote.

Mtu akianguka, kijiko kisitiwe mdomoni mwake, kwa maana ulimi haumezeki na meno huvunjika. Mgonjwa aondolewe penye hatari, alazwe ubavu, saa itazamwe, na mtukutiko ukipita dakika 5 apelekwe hospitali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo; fenobabitali, inayotumika tangu mwaka 1912, ni ya bei nafuu, ila haiachwi ghafla, wala mwenye kifafa hafai kukesha akitafuna miraa, kwa kuwa kukosa usingizi huamsha mtukutiko hata kwa anayemeza dawa.