Dawa ya Ubongo Ipitiayo Puani

Mwezi uliopita, baada ya darasa la kina mama la alasiri, mwanamke mmoja alibaki nyuma wenzake walipokuwa wakivaa viatu. Alinionyesha picha katika simu yake: kichupa cheupe chenye kipulizio, na chini yake maneno yanayoahidi kwamba dawa hiyo ya "nano" hupenya puani, huingia ubongoni moja kwa moja, na kurudisha kumbukumbu za wazee. Bei yake shilingi 18,000 kwa mwezi mmoja. Mamake ana ugonjwa wa Alzheimer. Humwita bintiye kwa jina la dada aliyekwisha kufariki, na usiku hutaka afunguliwe mlango arudi kwao, ilhali yumo nyumbani mwake mwenyewe. "Sheikh," akaniambia, "nina bangili mbili za dhahabu za harusi yangu. Niuze?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe wiki moja nisome, na nimuulize daktari ninayemwamini. Niliyoyapata nayaandika hapa kwa kuwa sidhani kwamba ni yeye peke yake aliyeletewa picha ile.

Jambo la kwanza ni kujua kwa nini wataalamu wa dawa wanahangaika na pua. Mwaka 1885 daktari wa Kijerumani, Paul Ehrlich, aliandika kuhusu rangi alizowatia wanyama katika damu. Viungo vya mwili vilishika rangi, lakini ubongo ulibaki kama ulivyokuwa. Ehrlich alidhani kwamba ubongo hauna tu mvuto na rangi ile. Mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, akaligeuza jaribio: katika kazi aliyoitoa mwaka 1913 aliitia rangi ndani ya maji yanayouzunguka ubongo, na safari hii ubongo ukashika rangi na mwili uliosalia usishike. Ikadhihirika kwamba baina ya damu na ubongo pana ukuta.

Ukuta huo ni seli za mishipa midogo ya damu iliyomo kichwani, zilizobanana mfano wa mbao za jahazi zilizotiwa kalafati. Ni rehema kubwa ya Mwenyezi Mungu, kwani sumu nyingi na vijidudu vingi vinavyozunguka katika damu haviupiti. Lakini dawa nyingi nazo haziupiti. Mgonjwa wa Parkinson, yule ambaye mikono humtetemeka na hatua zikawa fupi, amepungukiwa na kitu kiitwacho dopamini ndani ya ubongo. Ukimdunga dopamini mshipani haitafika inapotakiwa. Ndiyo maana hupewa levodopa, ambayo ukuta huiruhusu, kisha ikageuzwa kuwa dopamini ikishaingia. Maradhi mengine hayajapatiwa hila ya namna hiyo.

Pua ina hali yake ya pekee. Juu kabisa, katika dari ya pua, ndipo ilipo mishipa ya fahamu ya kunusia. Ncha zake zimeelekea hewani, zimefunikwa na ute tu, na upande wa pili hupita katika mfupa mwembamba wenye vitundu kama chekeche, kisha ikaingia ubongoni. Hakuna mahali pengine mwilini ambapo ubongo umekaribiana na dunia ya nje kiasi hicho.

Kutia dawa puani si jambo geni kwetu. Waarabu waliiita dawa hiyo sa'ut, na katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliitumia. Humo pia mna habari ya mgonjwa ambaye jamaa zake waliagizwa wasage punje chache za habasoda, wazichanganye na mafuta, na wamtonesee pua hii na pua hii. Sisemi kwamba Hadithi hizo zilikuwa zikitabiri nanoteknolojia. Wako wapendao kusema hivyo mimbarini, nami naona wanaidhulumu Hadithi na wanaidhulumu elimu ya tiba kwa pamoja.

Kwamba njia hiyo ipo kweli kumethibitishwa na msiba. Upo mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, aitwaye Naegleria fowleri, akaaye katika maji baridi yasiyo ya chumvi yaliyopata joto na yasiyotiwa dawa ya kutosha. Ukiyanywa maji yake hakudhuru. Akiingia puani hupanda kwa mishipa ile ile ya kunusia hadi ubongoni, na ni wachache mno waliopona. Madaktari wa Karachi, Pakistan, walieleza habari za wagonjwa 13 wa miaka ya 2008 na 2009, ambao karibu wote hawakuwa wameogelea popote. Shaka iliangukia maji ya mferejini waliyopandisha puani wakati wa udhu. Ni maradhi adimu sana, na sitaki mtu aache sunna ya kusukutua pua kwa hofu. Mwenye kutumia maji ya tangi lililokaa siku nyingi juani, na ayachemshe yapoe, au ayatie klorini kwa kipimo.

Sasa hiyo nano. Nanomita moja ni sehemu moja katika milioni ya milimita. Unywele wa mtu una upana wa nanomita zipatazo 80,000. Watengenezaji hutengeneza vifuko vyenye upana wa nanomita 100 au 200 hivi, wakaificha dawa ndani yake. Vingine hutengenezwa kwa mafuta yanayofanana na yale yanayozizunguka seli zetu, na huitwa liposomu. Vingine ni vya mali ile ile ya nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka zenyewe mwilini. Na vingine, ambavyo mtu wa Pwani atavifurahia, hutokana na kitosani, inayopatikana katika magamba ya kamba na kaa. (Suala la kaa katika madhehebu yetu lina maneno yake, na si mahali pake hapa. Kamba hana matata.)

Kazi ya kifuko ni nini? Pua ina desturi ya kujisafisha. Vinyweleo vidogo mno huusukuma ute kuelekea kooni, na katika dakika 15 au 20 kilichotonewa huwa kimekwisha kusombwa na kumezwa. Kitosani ina chaji chanya, na ute una chaji hasi, basi hushikana, na dawa ikapata muda. Tena hulegeza kwa kitambo kidogo viungio vya seli za puani. Nacho kifuko huilinda dawa isivunjwevunjwe na vimeng'enya vilivyomo humo, na huitoa kidogo kidogo badala ya kuimwaga yote kwa mara moja.

Miongoni mwa waliofanya kazi kubwa katika fani hii ni watafiti wa Jamia Hamdard, chuo kikuu cha New Delhi chenye asili yake katika juhudi za Hakim Abdul Hameed, tabibu mashuhuri wa tiba ya Kiyunani. Mwaka 2012 walitoa matokeo ya kuitia rivastigmini, ambayo ni dawa halisi ya Alzheimer itumiwayo hospitalini, ndani ya vifuko vya kitosani vya chini ya nanomita 200, kisha wakaitia puani. Dawa iliyofika ubongoni ilikuwa nyingi kuliko ile iliyotiwa puani bila vifuko, na nyingi kuliko ile iliyodungwa mshipani. Nilipofika hapo katika kusoma nilifurahi, na nikatamani kumpigia simu yule mama papo hapo.

Kisha nikasoma waliotiwa dawa hiyo ni nani. Ni panya.

Panya ni mnyama wa kunusa. Karibu nusu ya sehemu ya ndani ya pua yake ni ya kunusia. Ya mwanadamu haifiki hata sehemu moja katika kumi, tena imejificha juu kabisa, mahali ambapo kipulizio cha kawaida hakifiki vizuri. Na pua yetu haibebi kingi: kiasi cha mililita 0.1 hadi 0.2, yaani matone machache tu kwa kila tundu, kinachozidi hutiririka. Kwa hiyo jambo lililofaulu kwa panya huenda lisifaulu kwa bibi wa miaka 78.

Mfano upo, na ni wa watu. Kwa miaka mingi William Frey wa Minnesota, Marekani, alishikilia kwamba insulini, hii hii ya wagonjwa wa sukari, ikipulizwa puani itaufaa ubongo wenye Alzheimer. Suzanne Craft na wenzake wakaijaribu kwa watu 104, na matokeo ya mwaka 2012 yakatia moyo. Likafanywa jaribio kubwa zaidi, la watu 289, kwa miezi 12. Matokeo yake yalitoka mwaka 2020: waliopuliziwa insulini hawakuwa na kumbukumbu bora kuliko waliopuliziwa maji yasiyo na dawa. Kifaa cha kupulizia chenyewe kilileta matatizo, kikabidi kubadilishwa katikati ya kazi. Insulini ile haikuwa ndani ya vifuko vya nano, na watafiti hawajakata tamaa. Lakini miaka mingi ya kazi ya watu waaminifu iliishia hapo, na muuza kichupa katika simu anadai kwamba yeye amekwisha kufika.

Pua na dawa havipaswi kudharauliwa kwa sababu hiyo. Zipo dawa za puani zilizothibitishwa zinazofanya kazi katika ubongo. Naloksoni ya kupuliza, iliyopasishwa Marekani mwaka 2015, humwamsha mtu aliyezidiwa na heroini akakaribia kukata roho, na sisi wa Pwani, tuliowazika vijana kwa sababu ya unga, hatuhitaji kuelezwa thamani yake. Diazepamu ya puani, ya mwaka 2020, hukata degedege la kifafa bila ya kumtia mgonjwa kitu mdomoni. Lakini hizo hufika ubongoni zaidi kwa kupitia damu ya puani, nazo ni katika dawa ambazo ule ukuta huziruhusu. Hazina vifuko vya nano. Kwa ugonjwa wa kusahau, hadi ninapoandika, hakuna dawa ya nano ya puani iliyopasishwa kutibia watu.

Na pua huweza kuharibika. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya watu waache baadhi ya dawa za mafua za puani zenye zinki, baada ya kupokea malalamiko zaidi ya 130 ya watu waliopotewa na hisia ya kunusa. Hizo ziliuzwa waziwazi madukani, kila mtu akiziona ni kitu chepesi.

Wiki ilipokwisha yule mama alikuja, na mumewe amemngoja nje. Nilimwambia asiuze bangili. Nikamwomba anisomee kilichoandikwa kwenye kichupa. Hapakuwa na jina la dawa, palikuwa na neno nano tu, picha ya ubongo unaong'aa, na nambari ya simu. Nano ni kipimo. Kumwambia mgonjwa kwamba dawa yake ni nano ni sawa na kumwambia kwamba imefungwa katika karatasi ndogo, bila ya kumtajia kilichofungwa. Nilimweleza kwamba dawa inayouzwa nchini huandikishwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na mfamasia yeyote mwenye leseni anaweza kumtazamia. Akishindwa kuipata humo, na asimtie mamake puani.

Akakiri jambo lililonishtua zaidi ya bei. Muuzaji alikuwa amemwambia avisimamishe vidonge vya hospitali ili "nano ifanye kazi vizuri", na alikuwa amevisimamisha siku nne. Nilimtaka ampigie daktari wa mamake kabla ya magharibi, asivirudishe mwenyewe kwa kukisia. Akapiga hapo hapo uani, mimi nikaondoka nikawaacha.

Aliporudi alikuwa na swali moja, la mbele. Ikiwa siku moja dawa ya kweli ya namna hii itapatikana, na mgonjwa akapuliziwa mchana wa Ramadhani, saumu yake vipi? Swali zuri. Mafakihi wetu wa Kishafii waliuhesabu undani wa kichwa kuwa ni jauf, wakasema kitiwacho puani kikivuka mwisho wa pua kwa juu hufunguza. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Jeddah mwaka 1997 liliona kwamba matone na dawa za kupuliza puani hazifunguzi, maadamu mtu hakimezi kinachomfikia kooni. Dawa iliyotengenezwa makusudi ifike ubongoni italirudisha suala hilo mezani upya, na mimi naona mwenye akili timamu awezaye kuipeleka usiku, baina ya futari na daku, na aipeleke, atoke katika hitilafu.

Ama mamake, ambaye akili imemwondoka kiasi kile, kalamu imeinuliwa juu yake. Hana saumu, hana kulipa, wala hana fidya. Akiamka saa nne ya asubuhi katika Ramadhani akaomba uji, na apewe uji.