Usinunue boksi: Kagua spea yenyewe kabla ya kulipa

KAMA umewahi kuteremka kuelekea Mai Mahiu ukiwa na abiria watatu garini, utaelewa nilivyojisikia pedali ya breki ilipoanza kuzama. Nilikuwa nimeacha chuo, naendesha Vitz ya anko kama teksi ya apu, na wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimeokoa Sh1,800 kwa kununua breki pedi za bei rahisi. Nilirudisha gia chini, nikavuta hendibreki polepole, nikasimama kando ya barabara moshi ukifuka kwenye tairi la mbele. Fundi alipofungua, nyama ya pedi ilikuwa imebanduka kwenye chuma chake. Boksi lilikuwa na nembo ya Toyota na stika ya kumetameta.

Sisemi ununue zenye jina la Toyota pekee. Toyota yenyewe haitengenezi kila kitu. Plagi na sensa nyingi ni za Denso, pampu za maji Aisin, shokomzoba KYB, breki Advics. Kampuni hizo pia huuza spea kwa majina yao, mara nyingi kwa bei nafuu kuliko zikiwa ndani ya boksi la Toyota. Hapo ndipo pesa yako inafaa kwenda. Shida ni kwamba majina yanayouza ndiyo huigwa.

Kabla hujafika Kirinyaga Road, chukua namba ya chasisi kwenye logbuku. "Vitz ya mwaka gani, bosi?" si swali la kutosha. KSP90 na SCP90 ukiziona barabarani ni gari moja, lakini ya kwanza ina injini ya cc 996 na ya pili cc 1,296, na kuna spea zisizoingiliana. Mwenye duka la maana ataingiza chasisi kwenye katalogi, akupe namba ya spea. Iandike kwa simu, kisha uulize bei katika maduka matatu.

Sasa fungua boksi hapo kaunta. Akikataa, ondoka. Namba iliyo kwenye boksi iwe pia kwenye chuma cha pedi. Pitisha kidole pale nyama inaposhikana na chuma: ukiona ufa, au gundi imefurika, rudisha. Pedi zilizoidhinishwa kwa soko la Ulaya huwa na herufi E ndani ya duara, pamoja na 90R. Alama pia huigwa, kwa hivyo usiiamini ikiwa peke yake. Mimi hubeba pedi moja ya zamani nilinganishe uzito na umbo. Watu hucheka, wacheke.

Halafu kuna suala la fundi. Tunajua maduka mengine humpa kitu kidogo anapoleta mteja, na hicho kitu kidogo kinatoka kwa mfuko wako. Simlaumu, naye anakula wapi? Mimi humwambia mapema: nitanunua mwenyewe, wewe nikuongeze Sh500 kwa kazi. Tangu hapo ananiambia ukweli kuhusu maduka ambayo zamani alikuwa ananipeleka.

Mtumba wa Japani ni sawa kwa mlango, kioo cha pembeni, hata taa. Breki pedi, boljointi na mikanda, nunua mpya.

Itisha risiti iliyoandikwa namba ya spea, si "pedi Vitz" tu. Ukishafungiwa, kilomita 300 za kwanza usikanyage breki kwa nguvu isipokuwa kuna hatari, ili pedi zizoeane na diski. Boksi nalo, lichane kabla ya kulitupa. Boksi safi la kampuni yenye jina lina mnunuzi wake hapa mjini, na si wa kuwekea viatu.